Safari ya siku moja kwa pikipiki hadi makumbusho ya pikipiki za kale: tujipange vipi?

Magurudumu Mawili (mwuliza swali):

Salaam wakuu. Nimepewa jukumu la kuandaa safari ya siku moja ya wapenda pikipiki 14, kwenda na kurudi, na lengo letu ni kutembelea makumbusho ya pikipiki za kale yaliyo umbali wa kilomita 140 hivi kutoka tutakapoanzia. Pikipiki zetu hazilingani hata kidogo: zipo za cc 125 zenye tangi dogo, na zipo za injini kubwa ambazo wenyewe hawapendi kutambaa. Baadhi ya wenzetu hawajawahi kabisa kuendesha kwa msafara. Naomba ushauri juu ya mambo mawili. Kwanza, tuendesheje ili tufike pamoja na salama bila kumgeuza mtu yeyote kuwa mzigo? Pili, tukishafika tutazame nini, kwa maana nusu ya kundi hawana habari na mashine za zamani, na nachelea kwamba baada ya robo saa watakuwa wamerudi nje kupiga picha za pikipiki zao wenyewe.

Mkia wa Msafara:

Ndugu Magurudumu Mawili, watu 14 ni wengi mno kwa msafara mmoja. Wagawe makundi mawili ya saba saba, kila kundi liwe na kiongozi wake na mtu wake wa mwisho, na yaachane kwa dakika kumi. Sababu iko katika namna mwendo unavyosambaa ndani ya mstari mrefu: kiongozi akipunguza mwendo kidogo kwenye kona kisha akaongeza, anayemfuata huchelewa kuitikia, wa tatu huchelewa zaidi, na hali hiyo ikimfikia wa mwisho, analazimika kufukuza kwa kasi ambayo kiongozi mwenyewe hataigusa siku nzima. Ndiyo maana mgeni hawekwi nyuma, ingawa wengi hudhani huko ndiko kwenye usalama. Mwenye pikipiki ndogo na asiye na uzoefu wakae mara baada ya kiongozi, naye kiongozi apime mwendo wake kwa kuwatazama wao kwenye vioo. Mtu wa mwisho awe mzoefu kuliko wote, na ndiye abebe vifaa vya kuzibia pancha, pampu na kisanduku cha huduma ya kwanza, kwa kuwa lolote litakaloharibika njiani yeye ndiye atakayelikuta.

Katika barabara iliyonyooka, endesheni kwa kupishana: wa kwanza ashike upande mmoja wa njia yenu, wa pili ashike upande wa pili akiwa nyuma kidogo, na kati ya wanaofuatana upande uleule pawepo nafasi ya sekunde mbili. Aliye mbele akipita nguzo, anayemfuata upande uleule anaanza kuhesabu. Akiifikia kabla ya sekunde mbili kwisha, amesogea mno. Kwenye kona, njia nyembamba au lami iliyobomoka, mpangilio huo uvunjwe na kila mmoja afuate mwenzake kwa mstari mmoja, kwa sababu anayeingia kona anahitaji upana wote wa njia yake.

Kwenye njia panda tumieni utaratibu wa zamu: anayemfuata kiongozi anasimama mahali salama, anawaonyesha wenzake pa kuelekea, na haondoki mpaka mtu wa mwisho amefika, kisha anaingia mbele yake na safari inaendelea.

Mafuta yapangwe kwa tangi dogo kuliko yote. Pikipiki yenye tangi la lita 8 inayokula lita 4 kwa kilomita 100 ingeweza, kwa hesabu za karatasi, kwenda kilomita 200, lakini hakuna kiongozi mwenye busara anayesubiri hadi huko. Jazeni nyote kabla ya kuondoka na jazeni nyote kabla ya kurudi.

Fundi wa Jioni:

Nakubaliana na mkuu aliyetangulia, isipokuwa kwenye zamu ya njia panda. Utaratibu ule ni mzuri kwa watu waliouzoea. Mgeni akiachwa peke yake kwenye makutano, huingiwa na wasiwasi, akaona pikipiki ya mtu baki inapita, akadhani ndiye wa mwisho, akaondoka. Kwa kundi la saba inatosha kila mtu awajibike kwa aliye nyuma yake: usikate kona mpaka umemwona kwenye kioo, na usipomwona, simama. Wa mbele yako naye atakukosa, atasimama, na hatimaye kiongozi atajua.

Jambo la muda ndilo linaloharibu safari za namna hii. Watu hulala, huanza saa nne asubuhi, hufika wamechoka kwa upepo na kelele za ndani ya helmeti, wakabakiwa na saa moja ya kutazama. Anzeni alfajiri. Wapigieni simu wahusika wa makumbusho mapema muwaulize siku wanazofunga, pa kuegesha pikipiki 14, na kama wana mahali pa kuhifadhi helmeti na majaketi. Hili la mwisho si dogo: zipu ya jaketi la ngozi ikigusa tangi lililopakwa rangi zaidi ya miaka 80 iliyopita, mkwaruzo wake hautafutika.

Msoma Mashine:

Nijibu swali la pili, ambalo wakuu wamelipita. Usiwaache wageni watangetange kati ya mashine mia kadhaa zilizong'arishwa, kwani kwa asiyejua zote hufanana. Wape swali moja la kuwaongoza: mwendeshaji wa mashine hii alikuwa anafanya kazi gani kwa mikono na miguu yake?

Mkianzia mwanzo kabisa, huenda mkaikuta mashine ya mbao ya wahandisi Wajerumani Daimler na Maybach ya mwaka 1885, yenye magurudumu mawili madogo ya kuizuia isianguke. Hiyo ni nakala, kwa sababu ya asili iliteketea kwa moto mwaka 1903. Hildebrand & Wolfmüller ya mwaka 1894, ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ili iuzwe, haikuwa na klachi wala gia; fimbo za pistoni zilizungusha gurudumu la nyuma moja kwa moja, kama treni ya mvuke.

Kisha wasimamishe mbele ya usukani wa pikipiki yoyote ya miaka ya 1920 na wahesabu vishikizo. Kimojawapo ni cha kuwahisha au kuchelewesha cheche ya plagi. Mwendeshaji aliyesahau kuichelewesha kabla ya kupiga kiki aliweza kurudishiwa teke lenye nguvu ya kumwumiza mguu. Wengine walipampu oili ya injini kwa mkono huku wakiendesha, na taa ya mbele iliwaka kwa gesi iliyotokana na maji yaliyodondoka juu ya kabaidi. BMW R32 ya mwaka 1923 itawavutia wenye BMW kwenye kundi lenu, kwani mpangilio wa silinda mbili zilizotoka kando na shafti badala ya mnyororo ungali unatengenezwa.

Chungulieni pia chini ya pikipiki za Uingereza za miaka ya 1950, ambako mara nyingi huwekwa trei. Nyingi zilikuwa na kasha la injini lililogawanywa kwa wima, na maungio yake hayakuchoka kuvuja oili. Halafu mwende moja kwa moja kwenye Honda CB750 ya mwaka 1969: silinda nne, stata ya umeme, breki ya diski mbele. Asiyeelewa kwa nini viwanda vya pikipiki vya Uingereza vilitikisika, ataelewa hapo bila mhadhara.

Magurudumu Mawili:

Nawashukuru sana wakuu. Tutagawanyika makundi mawili, na kwenye njia panda nitafuata ushauri wa Fundi, kwa kuwa wageni ni wengi. Nimeshawasiliana na makumbusho: maegesho yapo, helmeti zitapokelewa mlangoni, na wamesema mmoja wa mafundi wao anaweza kutuonyesha jinsi cheche inavyocheleweshwa kabla ya kiki. Mwenye cc 125 nimemwambia atakuwa wa pili katika kundi langu. Alikuwa ameanza kutafuta udhuru wa kutokuja.