Eti Harvard ni rika letu? Tulitahiriwa pamoja lini?

Jameni, nimetoka mkutanoni nikichemka, niacheni nimwage.

Chuo changu hapa Nairobi (sikitaji, bado nalipa mkopo wa Sacco) kinaandika mpango mkakati mpya. Kamati tukaletewa orodha ya "vyuo rika", yaani vinavyofanana nasi, tutakavyojipimia kwavyo. Nafungua karatasi: Harvard, National University of Singapore, Cape Town. Harvard ina mfuko wa wakfu unaozidi dola bilioni 50. Kwetu, wahadhiri wa muda wanadai malipo ya muhula uliopita, na kwenye maabara ya kemia wanafunzi wanapanga foleni kusubiri bureti.

Nikauliza vilichaguliwaje. Mkubwa mmoja akajibu, bila aibu, kwamba amevitembelea. Kumbe kigezo ni mihuri iliyo kwenye pasipoti yake!

Hao hao Wamarekani tunaojifanya kuwaiga hawafanyi hivyo. Kule, chuo ambacho wanafunzi wake wanapata mikopo au ruzuku ya serikali kuu lazima kipeleke takwimu zake kwenye mfumo wa serikali hiyo uitwao IPEDS. Ukitafuta rika unachuja humo: wanafunzi wangapi, wangapi wanasoma kwa muda, fedha za mwaka, kozi zipi, utafiti kiasi gani. Vinavyobaki ndivyo rika lako, hata kama majina hayakupendezi. Vyuo vya kutamani vina orodha yake kando, na hata hapo unatafuta aliyekutangulia hatua chache kwa njia unayoweza kuifuata. Kutamani si dhambi. Ila usichanganye orodha hizo mbili halafu uite rika.

Na msiniambie Kenya hakuna takwimu. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu vyuo vya umma ziko wazi, ukurasa kwa ukurasa. Ni uvivu tu.

Au si uvivu. Nilisoma rasimu hadi mwisho nikaona mchezo. Sura ya karo ya uzamili, tunalinganishwa na Cape Town, kwa hiyo "bado tuna nafasi ya kupandisha". Sura ya mishahara na idadi ya wanafunzi kwa kila mhadhiri, Cape Town imeyeyuka! Mahali pake wameingiza vyuo viwili vya mashambani vilivyolemewa kutushinda, na ghafla tunang'ara. Ni kama mwenye kibanda cha mutura Githurai apange bei kwa kutazama hoteli za Westlands, halafu usafi ajipime na kibanda jirani.

Nilipoligusa hilo nikaambiwa "tusirudi nyuma, muda umekwisha". Chai ikaletwa.

Jumanne tunakutana tena. Aliyewahi kukaa kwenye kamati kama hii anisaidie: mlifanyaje orodha ifungwe kabla ya mtu yeyote kuona matokeo ya ulinganisho? Na ulimwambiaje mkubwa, ukabaki na kazi?