Majirani Tabata: wi-fi ya mgahawani

Mama Salma: Za jioni majirani. Kijana anataka kujaza fomu ya mkopo wa chuo ya HESLB (Bodi ya Mikopo) kwa wi-fi ya mgahawani, bando limekata. Kuna hatari?

Juma Kompyuta: Shikamoo mama. Ajaze tu, ila amuulize kwanza mhudumu jina kamili la mtandao. Mtu wa meza ya jirani anaweza kurusha hotspoti yenye jina lile lile, herufi kwa herufi, na simu isijue tofauti.

Mama Salma: Marahaba baba. Mbona una pasiwedi, imebandikwa ukutani?

Neema: Ya ukutani hata tapeli anaisoma 😀 Anaiweka kwenye hotspoti yake, mchezo umekwisha. Tena kwenye WPA2, ulinzi wa wi-fi wa kizazi cha zamani, anayeijua akiinasa simu yako pale inapojiunga anaweza kufungua yanayopita hewani. WPA3, kizazi kipya, imeziba tundu hilo.

Juma Kompyuta: Hapo ndipo https inapookoa, ule mwanzo wa anwani unaoonyesha tovuti inafunga kwa siri unachoandika. Wa pembeni ataona umekwenda tovuti gani, hataona ulichoandika. Lakini alama ya kufuli isimdanganye, tapeli naye anapata cheti cha https bure, dakika chache tu. Asome anwani: kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https:// lazima iishie heslb.go.tz. Ikiwa heslb.go.tz.mkopo.com, hiyo ni mkopo.com, si Bodi.

Baba Irene: Na lile onyo kwamba muunganisho si salama?

Juma Kompyuta: Asibonyeze "endelea". Mara nyingi ukurasa wa kuingilia wi-fi haujafunguka, ruta, kile kifaa kinachorusha wi-fi, inadandia kati. Aandike neverssl.com, ukurasa utajitokeza. Akishaingia na onyo bado lipo, akate wi-fi.

Neema: Huo ukurasa ukiomba namba ya simu, sawa, wengine hutuma kodi, yaani namba ya uthibitisho. Ila aisome SMS yote. Ikisema ni kodi ya WhatsApp, mtu anamwibia akaunti. Na PIN ya M-Pesa haihusiki na wi-fi hata siku moja.

Mama Salma: Kwa hiyo M-Pesa nisiguse nikiwa pale?

Neema: *150*00# haipiti kwenye wi-fi mama, inapita kwenye laini yenyewe. Tumia bila wasiwasi, ziba tu vidole unapobonyeza PIN.

Baba Irene: VPN je?

Juma Kompyuta: Hiyo ni programu inayopitisha mawasiliano yako kwa siri hadi kwa kampuni yake. Inaficha kwa mwenye ruta, inamfunulia mwenye VPN. Za bure sizishauri. Na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Oktoba 2023 walitaka wanaozitumia wajisajili, usilisahau hilo.

Neema: Akimaliza aufute mtandao huo kwenye orodha ya simu. Ukibaki, simu inaweza kujiunga yenyewe popote itakapokutana na jina hilo, hata Kariakoo.

Mama Salma: Simu ataiacha, ana laptop ya kuazima.

Neema: Ungeanza na hilo mama! Windows ikiuliza, achague mtandao wa "Public", ili laptop nyingine pale zisiione. Avinjari kwa dirisha la siri (Incognito), pasiwedi isihifadhiwe, atoke kwenye akaunti kabla ya kufunga.

Juma Kompyuta: Na PDF ya fomu inabaki kwenye folda ya Downloads, dirisha la siri haliifuti. Ina taarifa zake na za mdhamini. Ajitumie kwa barua pepe, aifute, kisha amwage na Recycle Bin.

Mama Salma: Namwita sasa hivi aje asome hapa.