Naomba ushauri: chesesi ya DT 125 ya mzee, nipige nyeusi au nyekundu?

Kijana wa Kilosa
Wakuu habari za jioni. Nina Yamaha DT 125 ya zamani, ile ya kupoa kwa upepo. Nimeifungua yote, chesesi imebaki chuma kitupu. Nataka kuipiga rangi pamoja na uma wa nyuma, stendi na kikalio cha betri. Tenki na madigadi ni meupe, hayo siyagusi. Fundi anasema nyeusi, mimi moyo unavutwa na nyekundu. Huku vumbi jekundu na pikipiki ni ya kwenda shamba. Ipi itadumu? Naomba majibu leoleo, kompresa ni ya kukodi.

Nyani Mzee
Picha iko wapi?

Fundi Spana
Kabla ya rangi, uliza praima, ile rangi ya msingi. Chuma kitupu kikilala usiku mmoja bila praima, asubuhi unakuta kutu. Usipige rangi ya kopo la kubonyeza, petroli ikimwagika siku ya kwanza inalainika kama ugali wa jana. Chukua ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha. Ziba kwa tepu bakuli za shingo na matundu ya bolti, na pale waya wa ethi unapofungwa pabaki chuma, la sivyo taa zitakuwa kama kibatari. Namba ya chesesi ipo shingoni, asithubutu kuijaza pati.
Rangi? Nyeusi. Ikichubuka unaibandika popote, hakuna anayejua. Nyekundu inapauka juani, na ukirudia kipande kimoja haifanani tena.

Mtu wa Pwani
Mimi Honda 50 yangu niliipiga rangi iliyobaki ya geti. Kijani. Tanga nzima wakawa wananiita Geti. Nimeiuza, jina limebaki.

Shangazi Pendo
Pole kwa kumpoteza mzee, mwanangu. Ila hizo hela za rangi na kompresa, mama mjane hana shida nyingine? Vijana mnapenda vitu vya kung'aa.

Kijana wa Kilosa
Asante shangazi. Mama yuko vizuri.
Fundi Spana nimekuelewa, lakini kuna mtu aliwahi kuniambia chesesi ya rangi inayowaka inaonyesha ufa mapema.

Fundi Spana
Kweli, kwenye nyeupe au ya fedha ufa unaonekana kama unywele. Nyekundu huku kwenu itaonyesha nini, na vumbi nalo ni jekundu?

Dodoso
Mkuu, kompresa inakodishwa hata kesho. Kwa nini leo? Na chesesi ilikuwa rangi gani mwanzo?

Kijana wa Kilosa
Ilikuwa bluu.

Dodoso
DT bluu chesesi? Kiwandani?

Kijana wa Kilosa
Hapana. Chini ni nyeusi. Bluu aliipaka mzee mwenyewe mwaka 1996 kwa brashi, rangi iliyobaki ya madirisha ya shule. Jana tulipaka rimuva, dawa ya kutoa rangi, bluu ikavimba na kujikunja kama utando wa maziwa.
Sawa, niseme tu. Mzee yupo hai. Yuko Moshi kwa dada, wamemtoa mtoto wa jicho KCMC. Anarudi Jumapili. Hajui.

Shangazi Pendo
Nimekupa pole ya msiba ukaipokea!

Kijana wa Kilosa
Sikusema amekufa shangazi, nilisema ya mzee. Nataka iwe zawadi. Miaka miwili alikuwa haoni vizuri, hata bluu yenyewe aliiona kama kivuli. Na nyekundu imeshanunuliwa lita moja. Na uma wa nyuma umeshapigwa koti la kwanza.

Fundi Spana
Kumbe! Sasa ushauri ulikuwa wa nini? Na kopo likishatiwa hadina linaganda ndani ya masaa, nawe upo hapa unachati.

Kijana wa Kilosa
Hadina bado. Fundi alipima kidogo tu kwa ajili ya uma.

Afande Mstaafu
Angalia kadi imeandika rangi gani. Ikiwa bluu, ukibadili inabidi TRA wajue.

Kijana wa Kilosa
Kadi inasema nyeupe, kwa sababu ya tenki.

Nyani Mzee
Chai hii. Mwezi uliopita kwenye uzi wa mafuta kupanda bei jamaa huyuhuyu aliandika kwamba mzee wake anachanganya oili ndani ya petroli kwa chupa. DT ina tenki lake la oili pembeni na pampu yake, haichanganywi. Hana DT, hana mzee, hana kompresa.

Mtu wa Pwani
Na picha hakuna mpaka sasa. Shangazi rudishiwa pole yako.

Kijana wa Kilosa
Pampu ilikufa zamani, fundi akaiziba. Tangu hapo mzee anapima oili kwa kizibo cha chupa ya chai, anatikisa dumu, anahesabu mpaka ishirini. Ukimsemesha anaanza upya. Kama ni chai, basi nimeipika na kizibo.

Fundi Spana
Hilo lipo, nimeziba nyingi. Nyani, niachie kijana.

Dodoso
Rudi kwenye bluu. Mtu katoka kufunguliwa jicho, kitu cha kwanza anachokitaka ni pikipiki yake, anakuta ya mtu mwingine. Tafuta bluu ya madirisha.

Kijana wa Kilosa
Ile bluu ilikuwa mbaya jamani. Alama za brashi mpaka unywele wa brashi umeganda ndani.

Dodoso
Ndiyo hiyohiyo.

Kijana wa Kilosa
Subirini, mzee anapiga simu.

Kijana wa Kilosa
Anataka niiwashe aisikie kwenye simu. Nimesema nipo dukani, nimpigie baada ya nusu saa. Injini ipo kwenye beseni.

Mtu wa Pwani
Azima ya jirani.

Kijana wa Kilosa
Majirani wote wana Boxer, mlio wake mwingine kabisa.

Fundi Spana
Usijaribu. Hiyo hahitaji jicho.