Tupeane uzoefu: neno la Kiingereza la kushtuka au kushangaa lililowahi kukuumbua

Karani Mstaafu:
Wanajamvi, habari za jioni. Leo nimekumbuka kisa nikacheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akanitazama mara mbili.

Miaka hiyo nilikuwa karani wa stoo kwenye kampuni moja hapa Dar. Wakaja wakaguzi bila taarifa, wakakuta leja hazijajazwa na maboksi yamerundikwa koridoni. Kesho yake meneja, Mwingereza, akatuandikia barua pepe wote: "The visit caught us off guard."

Mimi na afisa utawala tukaisoma mara tatu. "Off" tunaijua, kila mtu ana siku yake ya ofu. "Guard" ni mlinzi. Tukakubaliana kwamba wakaguzi wameingia mlinzi akiwa ofu. Ratiba ikatolewa, zamu ikaonekana ni ya mzee mmoja mpole, na sahihi yake ya asubuhi ipo. Hata hivyo akaambiwa aandike barua ya kujieleza. Mzee akajaza kurasa mbili, akataja mpaka rangi ya gari la wakaguzi na kwamba geti aliwafungulia kwa mkono wake mwenyewe. Barua ikafika kwa meneja. Akatuita: huyu mzee amekosa nini?

Kumbe alimaanisha ugeni ule ulitukuta hatujajiandaa. "Guard" ya hapo ni ile mikono bondia anayoinua kujikinga. Ukiishusha, ngumi inaingia. Haya, wewe lilikuumbua lipi?

Msindikizaji:
😂😂 Mkuu, mlimtesa mzee wa watu.

Mimi natembeza watalii huku Arusha. Siku moja tumefika ukingoni mwa Ngorongoro, pale juu ambapo kreta inajifunua yote kwa mpigo. Mama mmoja wa Manchester akakaa kimya weee, halafu akasema, "I'm gobsmacked." Mimi nikadaka "smacked" tu, yaani kachapwa kofi. Nikageuka kumtazama mumewe kwa jicho baya. Yule baba maskini kashika kamera yake, hana habari.

Baadaye walinifafanulia: "gob" ni mdomo, kwa maneno ya mitaani ya kwao. Mtu kaduwaa kama aliyechapwa kofi la mdomo. Wageni wa Kimarekani ni nadra kuwasikia wakilitumia. Na ni neno la kuongea, usije ukalitia kwenye barua ya kuomba kazi.

Binti wa Likoni:
Langu fupi. Nilikuwa nasafisha vyumba hotelini, nikabisha hodi kimya, nikafungua, mgeni yuko mlangoni hapo hapo na kikombe cha chai. Akaruka, chai ikamwagika. "Oh, you startled me!" Mimi nikasikia "started". Nikamjibu kwa heshima zote: "No madam, I start at eight."

Tangu siku ile sijalisahau. "Startle" ni ya mwili: moyo paa!, mabega juu, kikombe chini. Akili inafika baadaye kuuliza kulikoni. Sisi tunasema nimeshtuka, basi.

Mwalimu wa Zamu:
Hapo dada umegusa penyewe. Kiswahili kinatenganisha kushtuka na kushangaa, ila tukihamia Kiingereza tunabeba "shocked" kwa vyote viwili. Niliwahi kuandika barua ya shukrani kwa wafadhili waliotuletea madawati: "We were shocked by your generosity." Wakajibu haraka wakiuliza kama kuna tatizo limetokea. "Shocked" inaelemea kwenye msiba, kashfa, habari mbaya. Ukipewa madawati sema "amazed" au "overwhelmed", utaeleweka.

Na wanafunzi wangu nao hawajambo. "Ziara ya kushtukiza ya waziri" mmoja aliitafsiri "the shocking visit of the minister". Nilimpa nusu maksi, maana pengine aliiona hiyo ziara.

Kwa wapenda asili za maneno: "astonish", yaani kushangaza sana, ina ngurumo ndani yake, imepitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini "tonare", kunguruma. "Flabbergasted", yaani kuduwaa kabisa, ilitajwa mwaka 1772 kama neno jipya la fasheni. Kizazi kipya si cha leo.

Mjukuu wa Nahodha:
Mbona hakuna aliyetaja "taken aback"? Niliposoma shuleni Lamu nililitafsiri "nilirudishwa nyuma", darasa zima likacheka. Nikamuuliza babu yangu aliyekula chumvi baharini. Kiingereza hajui hata salamu, lakini nilipomweleza akaelewa kabla sijamaliza.

Lilitoka kwenye merikebu za matanga. Chombo kinakwenda vizuri, upepo nyuma, mara upepo unageuka unakuja wa omo, yaani kutoka mbele. Tanga lililotuna kwa mbele linabandikwa kwenye mlingoti. Chombo kinasimama, au kinaanza kurudi kinyumenyume, na mlingoti waweza kuvunjika. Babu akaweka viganja viwili, kimoja tanga, kimoja mlingoti, akavigonganisha, pa! "Hapo nahodha hana neno," akasema. Kwa hiyo "nilirudishwa nyuma" haikuwa mbali sana, mwalimu wangu anisamehe.

Msindikizaji:
Sasa si ndiyo "surprised" hiyo hiyo?

Mjukuu wa Nahodha:
Siyo kabisa, kaka. Ukiletewa keki na kumwagiwa maji siku ya kuzaliwa, hiyo ni sapraizi. Lakini mtu mmejuana dakika tano akuulize mshahara wako, ukakosa cha kujibu na uso umebadilika, hapo uko "taken aback". Mara nyingi kuna kakwazo ndani yake.

Mbeba Boksi:
Niko Minneapolis, ghalani. Mwaka jana walipunguza watu, dada mmoja akasema kwenye meza ya chakula, "I was blindsided." Nikampa pole, nikamuuliza kama ameshaonana na daktari wa macho. Meza ikanyamaza.

Ni neno la mpira wao wa Kimarekani: mchezaji anagongwa kutoka upande asioutazama. Yule dada hakulalamikia kushtuka. Alilalamika kwamba wakubwa walijua wiki nyingi, wakawa wanacheka naye. Hapo kwetu tungesema wamemzunguka.

Binti wa Likoni:
Karani, hujatumalizia. Yule mzee wa getini je?

Karani Mstaafu:
Alibaki kazini, meneja mwenyewe alimwomba radhi. Ila tangu siku ile, gari geni likisimama getini, kabla hajafungua anapiga simu stoo kwanza: "Karani, wamekuja. Na uandike, leo guard yuko on."