Hivi nyie mnawezaje kula huku akili iko kwenye chakula?

Kijana wa Kimara
Wakuu habari za jioni. Jana nimejishangaa aisee. Nimechukua chipsi mayai za buku tatu, nimefika geto nikawasha mechi kwenye simu, nakula naangalia, naangalia nakula, mara nachoma na ile stiki nasikia nachoma boksi tupu. Zimeisha saa ngapi sijui, ladha sikumbuki, na kinachouma zaidi kachumbari nimeikuta kwenye kimfuko chake hata sijaifungua.

Nasikia watu wanasema kula kwa utulivu, tafuna taratibu, lisikilize tumbo lako. Sawa, ila mimi lanchi ni nusu saa, foleni kwa mama ntilie dakika kumi, sasa huo utulivu nautoa wapi? Na usiku kiungulia hakiniachi. Kuna mtu anaweza hii kitu kwa maisha yetu haya haya, sio ya wale wa yoga?

Mzee wa Kukopa
Mkuu wewe una chipsi za kusahau?? Sisi wengine tunakumbuka hadi ile iliyodondoka chini. Subiri tarehe 25 ifike ndo utajua kuzingatia chakula.

mama wawili
Mdogo wangu usimsikilize huyo. Simu ndo mchawi wako. Mimi wangu alikuwa kula nimesimama, napika chapati naonja kipande, mtoto kabakisha uji namalizia, nachungulia mboga nachota kijiko, halafu tukikaa mezani nasema leo sijala kitu kabisa, mume ananiangalia tu. Nikajiwekea sheria moja, kitu hakiingii mdomoni kama sijakaa na hakiko kwenye sahani. Wiki ya kwanza nilikuwa najikamata mkono uko njiani kwenye sufuria 😂 Anza na moja tu, ukijipangia sheria kumi utaacha zote jumatano.

Baharini Kwetu
Nyie watu wa bara mnatuchekesha, hii mbona tumefundishwa utotoni kwenye sinia. Unakula mbele yako, huvuki upande wa mwenzio, tonge dogo, na bibi yuko pale anakutazama, ukijaza mdomo unaulizwa unakimbizwa na nani. Simu ungeishika kwa mkono gani? Na sisi Waislamu tuna ile hadithi ya Mtume (s.a.w), tumbo theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi.

Tena angalia Ramadhani, anayefungua kwa tende na maji, akaenda kuswali Magharibi halafu akarudi mezani, anakuta ule wazimu wa njaa ushapoa, anakula vizuri. Yule anayevamia sambusa na mihogo ya nazi toka adhana ya kwanza, tarawehe utamuona anavyohema.

Siongei Sana
Alichosema wa Baharini kina sababu. Tumbo na utumbo vinapeleka taarifa ya shibe kwenye ubongo kwa homoni na mishipa ya fahamu, na mpaka uisikie vizuri zinapita kama dakika 20. Ukimaliza sahani kwa dakika 6 umeshapitiliza kabla taarifa haijafika. Hicho kiungulia pia, kula haraka, kula mpaka ujae halafu unalala hapo hapo, asidi inapanda. Acha kama masaa mawili matatu kabla ya kulala, kikiendelea nenda kapime, usiishie kunywa dawa za dukani kila siku.

Kuna zoezi la zabibu kavu, lipo kwenye mafunzo ya kutuliza akili na kupunguza msongo aliyoyaanzisha profesa mmoja, Jon Kabat-Zinn, kule Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, unaichukua moja tu, unaiangalia, unainusa, unaitafuna polepole. Mimi zabibu ilinishinda nilijiona kama nimechanganyikiwa, nikahamia karanga kwenye daladala. Moja moja. Kifuko kimoja kimenitoa Ubungo hadi Kimara na foleni yake yote. Kwa lanchi yako ya nusu saa usijitese, zingatia matonge matano ya kwanza tu, mengine kula unavyokula.

Kijana wa Kimara
Wakuu nimerudi na mrejesho. Leo nimefanya hiyo ya matonge matano, ugali dagaa, simu nimeiacha ofisini kwenye droo. Kwanza jamaa niliokaa nao wakaniuliza nimefiwa au vipi mbona kimya. Tonge la kwanza nimesikia ndimu, la pili kapilipili kwa mbali, nikasema kumbe huyu mama anajua. La tatu nikasikia mchanga. La nne mchanga. Yani dagaa hawajaoshwa vizuri na mimi nakula pale mwezi wa nane huu sijawahi kujua!! Sasa nimwambie au ninyamaze, maana ananikopesha pia.

Mzee wa Kukopa
Kama anakopesha rudisha simu mezani mkuu.