Wakandarasi wa RO (mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji) acheni kuua membreni (vichujio vyake) kwa mdomo, leteni vipimo!!

Wakuu salaam, naandika hapa nina hasira kweli. Mimi fundi kwenye hoteli moja huku pwani ya mashariki Unguja, maji yetu ya kisima yana chumvi, RO ikisimama wageni hawaogi. Sasa mkandarasi anayekuja kuhudumia mtambo kaandika ripoti eti membreni zote zimekufa zibadilishwe, na bosi ananiuliza mimi nimezifanya nini.

Nikaomba daftari lake. Lina safu mbili tu, lita kwa saa na TDS (kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka) ya maji safi! Joto la maji hakuna, presha ya kuingia na ya kutoka hakuna, TDS ya kisima hakuna. Ukurasa mzima wino mmoja, mwandiko mmoja, namba zinafanana mpaka nukta, yaani kakaa chini kajaza kwa mkupuo.

Jamani hizo lita anazilinganishaje? Maji yakipoa digrii moja tu membreni inapunguza kama asilimia 3 ya maji inayotoa, na tenki letu la maji ghafi liko juani, mchana unakuta 31 alfajiri 25, hapo ushapoteza karibu asilimia 18 na membreni haina tatizo lolote. Vipimo vya mwanzo kachukua Februari jua la mchana, hivi vya sasa Julai asubuhi kipupwe, halafu anasema uzalishaji umeshuka!! Na chumvi ya kisima ikipanda ndo kabisa, presha ile ile maji yanapungua, TDS ya maji safi nayo inapanda.

Utaratibu upo, ASTM D4516 (kiwango cha kusahihisha vipimo vya RO), unarudisha vipimo vyote kwenye hali moja, joto 25, ndo unalinganisha na vya siku za mwanzo mtambo ulipowashwa. Watengenezaji wa membreni wanatoa mpaka shiti ya Excel bure! Ukishasahihisha ukaona maji yameshuka asilimia 10 mpaka 15, au tofauti ya presha ya kuingia na ya kutoka imepanda kiasi hicho, unaosha, hununui. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wengine wanaongeza presha ya pampu kimyakimya lita zisishuke, kwenye daftari kila kitu safi kumbe uchafu unaganda ndani, ukija kushtuka hata dawa ya kuoshea haiutoi tena.

Bosi nishamwambia, ripoti isiyo na joto na presha mimi sisaini. Mwenye daftari kama hili kazini kwake aweke picha hapa.