IST inakatakata nikikanyaga mafuta: nianze na koili, plagi au pampu?

Msafiri_wa_Kitonga
Wakuu, habari za jioni. Gari langu ni IST ya 2004, injini 1NZ. Likiwa sailensa, yaani limewaka bila kukanyaga mafuta, linaunguruma vizuri tu. Shida inaanza nikikanyaga mafuta: linakatakata, linashtuka kama kuna mtu analivuta kwa nyuma, na mlimani ndiyo balaa. Juzi nikitokea Morogoro kwenda Iringa, malori yenye mzigo yalinipita mlima Kitonga, huku taa ya injini ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Fundi wa kwanza kasema koili zote nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, zimekufa. Wa pili hakufungua hata boneti, kasema ni pampu ya mafuta. Pesa niliyonayo inatosha kimoja tu. Nianze na kipi?

FundiGerezani
Mkuu, koili zote nne zingekufa, gari lisingewaka kabisa. Usinunue kitu kwanza.

Hiyo taa ndiyo inayoongea. Ikiwaka na kutulia, una muda wa kutafuta tatizo taratibu. Ikimetameta wakati unakanyaga mafuta, kuna silinda inamisi, yaani haichomi mafuta yake, na petroli isiyoungua inakwenda kuunguzia masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Masega yakiyeyuka na kuziba, gharama yake utaikumbuka miaka. Kwa hiyo pampu naiweka nyuma, koili na plagi mbele. Ukikanyaga mafuta, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, na cheche inahitaji umeme mkubwa zaidi kuruka kwenye plagi. Koili iliyochoka inamudu sailensa, mzigo ukizidi inashindwa. Ndiyo maana unaisikia mlimani.

Pwani_Probox
Salaam ndugu zangu, niko Mombasa. Probox yangu ina injini hiyohiyo ya 1NZ, na yangu ilikuwa pampu kweli, lakini dalili zake zilikuwa tofauti na zako. Haikuwa ikishtuka. Nikienda Voi, mwendo ukifika mia na kidogo, ilikuwa yakosa pumzi polepole, nikilegeza mguu yarudi sawa. Taa haikumetameta, iliwaka ikatulia, na mashine ya kusoma hitilafu ikatoa kodi (namba ya hitilafu) P0171, yaani mafuta kidogo kuliko hewa. Hata hivyo hiyo kodi haikuambii moja kwa moja kuwa ni pampu. Sensa ya hewa ikiwa chafu, au paipu ya hewa ikiwa imepasuka baada ya sensa, utapata kodi ileile. Mimi nilisafisha sensa kwanza kwa dawa yake, bila kugusa ule waya mwembamba, kisha ndipo nikapima presha ya mafuta.

Mama_Tegeta
Kaka, mimi nilibadilisha plagi tu na tatizo langu likaisha. Plagi za iridiamu zilikuwa hazijaguswa tangu ninunue gari. Nakushauri uanze nazo, ni rahisi kuliko koili. Ila angalia za bandia, boksi linafanana kabisa na la halali. Na koili za mtumba siziamini tena. Niliyonunua ilidumu miezi minne.

FundiGerezani
Dada, kwenye plagi nakubaliana na wewe. Uwazi wake, pale cheche inaporuka, uwe milimita 1.0 hadi 1.1, ukizidi sana, koili inalazimika kufanya kazi kupita kiasi na inakufa mapema. Kwenye koili tunatofautiana kidogo. Mpya halisi ndiyo bora, hilo halina mjadala. Lakini kati ya mtumba halisi iliyopimwa kwenye gari lako na kopi mpya ya bei ya kutupa, mimi nachukua mtumba. Kopi zimenirudishia wateja mara nyingi sana.

Msafiri, fanya hivi. Kwanza gari lisomwe kwa mashine. Vile vifaa vya bei rahisi vya kuunganisha na simu wakati mwingine havisomi magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, kwa hiyo tafuta mwenye mashine ya maana. Ikisoma P0302, ni silinda ya pili. Hesabu kuanzia upande wa fenibelti. Zima gari, liache lipoe, chukua spana namba kumi, hamisha koili ya pili uiweke ya tatu na ya tatu uiweke ya pili. Futa kodi, endesha. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu, unanunua moja. Ikibaki P0302, hamisha plagi kwa mtindo uleule. Ikiendelea kubaki hapohapo, njoo tuongee nozeli (zinazopuliza mafuta) na kompresheni (mgandamizo wa silinda).

Na ukitoa koili, chungulia tundu la plagi.

Pwani_Probox
Hapo kwa tundu ni muhimu. Wanaoosha injini kwa maji ya presha hujaza maji mle ndani bila kujua.

Msafiri_wa_Kitonga
Wakuu, narudi na majibu. Mashine ilisoma P0302. Tumehamisha koili, tukapanda mlima mmoja tu, ikasoma P0303. Koili moja, basi. Nimechukua mpya halisi, na pesa iliyobaki imetosha plagi nne. Fundi amepima na presha ya mafuta, ikasoma psi 46 na haikushuka tulipokanyaga. Nimeambiwa kwa 1NZ inatakiwa iwe kati ya 44 na 50, kwa hiyo pampu imebaki ilipo.

Tundu la silinda ya pili lilikuwa limejaa oili.

FundiGerezani
Hiyo ni gasketi ya tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, inavujisha. Oili inalainisha mpira wa koili, umeme unatoboa pembeni badala ya kwenda kwenye plagi. Umeibadilisha?

Msafiri_wa_Kitonga
Bado. Koili mpya iko kwenye boksi, gari sijaliwasha. Kesho asubuhi naifuata gasketi kabla ya kufunga chochote.